Kifaransa au Caro-Kann? Majibu mawili ya e4, yaliyopimwa kwa sare moja ya Nakuru

Wiki moja baada ya safari yetu ya mechi huko Nakuru, binti mmoja wa klabu yetu ya chesi hapa Kisumu, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetuchezea ubao wa nne, aliniuliza swali fupi tukiwa tunapanga kete: "Kaka, mtu akinianzia e4, nimjibu vipi? Kifaransa ama Caro-Kann?" Nilimwomba siku mbili. Sare niliyoipata Nakuru ilikuwa bado inanikaa rohoni, na nilijua jibu la swali lake limo ndani ya mchezo ule. Niliyomwandikia ni haya. Nimeyapanua kidogo tu kwa ajili ya wengine walio njia panda kama yeye.

Majibu haya mawili, yaani funguzi mbili za kete nyeusi, ni ndugu. Kwa mgeni: kila mraba wa ubao una herufi ya safu, a hadi h, na namba ya mstari, 1 hadi 8; namba ya mwanzo ni hesabu ya hatua, nukta tatu ni zamu ya Nyeusi, na x ni kula. Nyeupe ikianza 1.e4, mchezaji wa Kifaransa anajibu 1...e6, wa Caro-Kann anajibu 1...c6, na wote wana nia ileile: hatua inayofuata ni d5, kumgonga askari wa e4 huku askari mwingine yuko nyuma tayari kulipiza. Kifaransa kilipata jina lake kwenye mechi ya barua iliyoanza mwaka 1834 kati ya London na Paris, ambapo Paris waliitumia e6 wakashinda. Caro-Kann ilikuja nusu karne baadaye: Horatio Caro, Mwingereza aliyeishi Berlin, na Marcus Kann wa Vienna waliichambua mwaka 1886. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Hamburg, Kann alikuwa ameshamshinda Jacques Mieses kwayo kwa hatua 24 tu.

Basi tofauti yote iko kwa askari mmoja. Nyeupe ikila d5, nani alipize: wa e au wa c? Swali linaonekana dogo, lakini mimi lilinigharimu nusu pointi.

Mchezo wenyewe

Tuliondoka Kisumu alfajiri, matatu ikapitia Ahero na Awasi, ikapanda Kericho. Sisi watu wa ziwani tumezoea joto. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ile tulicheza tukiwa na majaketi. Ubao wa tatu ulikuwa wangu, kete nyeusi. Kufikia katikati ya mechi timu yetu ilikuwa nyuma, na mimi nilihitaji ushindi, si sare. Nilichagua Kifaransa kwa sababu ndivyo tulivyofundishana siku zote: Caro-Kann ni ya kulinda, Kifaransa ni cha kupigana.

Mpinzani wangu, mzee mmoja mtulivu sana, alifikiri kidogo tu, akala: 1.e4 e6 2.d4 d5 3.exd5 exd5. Huu ndio mkondo wa kubadilishana. Tazama ubao ulivyobaki. Askari wa e wa pande zote mbili wameondoka, wa d wanatazamana, na kila kitu cha Nyeupe kina pacha wake upande wa Nyeusi. Tofauti ni moja tu, kwamba ni zamu ya Nyeupe.

Tukaendelea kama mtu na kioo chake. Akaweka farasi f3, nikaweka f6. Askofu wake d3, wangu d6. Wote tukamficha mfalme upande mfupi, kwa ile hatua moja inayomsogeza pamoja na ngome. Askofu wake wa pili akaja g5 kumbana farasi wangu, wangu akaenda g4 kumbana wake. Farasi wa pili d2, wa pili d7. Askari c3, askari c6. Malkia c2, malkia c7. Ngome e1, ngome e8. Kisha maaskofu wakarudi h4 na h5, g3 na g6, na kwenye hatua ya 14 na ya 15 wote wanne wakaliwa: askofu wake wa g3 akala d6, wangu wa g6 akala d3, malkia wake akalipiza d3, wangu akalipiza d6. Ukipiga picha ubao wakati huo huwezi kujua nani alianza.

Safu ya e ilikuwa wazi kabisa, na hapo ndipo ushindi wangu ulipotokomea. Ngome zote nne zilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango ni uleule. Akala ngome yangu e8, nikalipiza kwa ngome ya pili. Akaleta ngome yake ya mwisho e1, nikaila, farasi wake wa f3 akalipiza e1. Hatua ya 18, ngome zimekwisha.

Nilipata nafasi moja tu. Farasi wake wa e1 hakuwa na mlinzi, nikapeleka malkia e6 kumtishia. Akamrudisha f3. Hapo nikaruka na farasi e4, na moyo ukanidunda, kwa maana angemla tu kwa farasi wake wa d2, ningelipiza kwa askari wa d5, na askari huyo angekuwa anawatishia malkia wa d3 na farasi wa f3 kwa pamoja. Farasi angekuwa wangu. Mzee aliutazama ubao kwa dakika nane hivi, kisha akaweka malkia wake e3. Nikala farasi wa d2. Kulikuwa na shimo la pili hapo: angekimbilia kumla malkia wangu e6, farasi wangu angekula f3 kwa cheki, yaani akimtishia mfalme, kwanza, kisha ningelipiza malkia kwa askari wa f7 na kubaki na farasi zaidi. Hakukimbilia. Alilipiza kwa farasi, nikala malkia e3, akalipiza kwa askari wa f. Farasi mmoja kila upande, askari saba kwa saba. Farasi wangu akaja f6 kuzuia e4, wafalme wakatembea hadi katikati, wake d3, wangu d6. Kwenye hatua ya 26 alinyoosha mkono na kutaja sare, nikakubali.

Alicheza vizuri, na sina lawama naye. Lakini nilikuwa nimeingia na silaha ambayo yeye, kwa hatua moja tu ya tatu, aliweza kuinyang'anya makali.

Safu gani inafunguka

Sasa weka Caro-Kann mahali pale pale. Mzee yuleyule, nia ileile ya kutuliza mambo: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5. Nimelipiza kwa askari wa c. Tazama tena ubao. Nyeupe haina askari wa e, lakini mimi ninaye, yuko e7. Mimi sina askari wa c, lakini yeye anaye. Kwa hiyo kila mmoja ana safu yake iliyo nusu wazi: ngome za Nyeupe zinataka safu ya e, zangu zinataka safu ya c. Hazikutani mlangoni, na hakuna anayelazimika kubadilishana.

Hilo ndilo jambo ambalo sikuwahi kuelezwa nilipoanza, na ndilo ningependa kila mchezaji wa klabu alipime kabla ya kitu kingine chochote. Sifa ya ufunguzi, kwamba huu ni mkali na ule ni mpole, imetoka kwa mabingwa wanaocheza mikondo mirefu. Kwetu, Jumamosi mchana, mpinzani asiyetaka kusoma anabadilishana d5 na kuendelea na chai yake. Kwa hiyo swali la kwanza ni: akibadilishana, mimi nabaki na nini?

Kwenye Caro-Kann unabaki na mpango ambao hata mgeni anaweza kuushika. Ngome c8, farasi c6, kisha unawatembeza askari wa a na b: a6, b5, b4. Askari wako wawili wanawaendea askari watatu wa Nyeupe, a2, b2 na c3, na b4 ikigonga c3 mtu anabaki na askari dhaifu wa kulinda. Mara nyingi atakuwa yeye. Nyeupe nayo ina lake: farasi e5, askofu d3 akilenga h7, mashambulizi upande wa mfalme wako. Usidhani basi kwamba Nyeusi inapewa zawadi. Bobby Fischer alimpiga Tigran Petrosian kwa mkondo huu huu wa kubadilishana, Belgrade, mwaka 1970, katika mechi ya Umoja wa Kisovieti dhidi ya dunia nzima. Alianza na askofu d3, kisha c3, kisha askofu f4, hatua ambazo hata mtoto wa shule anazielewa, na Petrosian alikuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia. Ninachosema ni kwamba kuna mchezo. Kila upande una pa kwenda.

Kifaransa hakikuachi mikono mitupu, kwa haki yake. Kosa langu la Nakuru lilikuwa kuiga. Ukitaka kupigana baada ya 3...exd5, vunja kioo mapema: askofu d6, farasi wa b c6 na yule mwingine e7 badala ya f6, askofu g4, malkia d7, kisha mfalme afichwe upande mrefu. Yeye yuko upande mfupi, wewe mrefu, na askari wa g na h wanaanza kukimbia. Lakini hapo wewe ndiye unayebeba hatari ya kuharibu ubao uliokuwa salama, na lazima uwe umefanya mazoezi.

Askofu wa c8

Hapa hukumu ni fupi. Kwenye Kifaransa, e6 inamfungia askofu wa c8 ndani, na Nyeupe ikisukuma 3.e5 anaweza kukaa kifungoni mchezo mzima. Kwenye Caro-Kann anatoka f5 kabla mlango haujafungwa. Bei yake ni mwendo mmoja: askari wa c, ambaye Kifaransa kinamrusha c5 moja kwa moja kuigonga d4, wewe utamsukuma mara mbili, c6 kisha c5. Tena c6 ilikuwa kiti cha farasi wako wa b8.

Na huyo askofu aliyetoka nje anaweza kuwindwa. Baada ya 1.e4 c6 2.d4 d5 3.e5, askofu f5, Nyeupe ikicheza 4.h4 usijibu e6 kwa mazoea. Itakuja g4, askofu atakimbilia e4, itakuja f3, atarudi g6, kisha h5, na hana pa kwenda. Jibu h5 wewe mwenyewe, au umpe kimbilio kwa h6. Nimeona vijana wawili wa klabu wakimpoteza hivyo katika mwezi mmoja.

Mashimo mengine mawili

Kila ufunguzi una shimo ambalo wageni hutumbukia, na ni bora uyajue yote mawili hata kabla ya kuchagua.

La Kifaransa liko kwenye 3.e5. Inaendelea c5, 4.c3, farasi c6, farasi f3, malkia b6, na Nyeupe inaweka askofu d3. Mnabadilishana d4, na ghafla unamwona askari wa d4 analindwa na farasi mmoja tu, wakati wewe unamgonga kwa malkia na farasi. Unakula kwa farasi, anakula, unakula kwa malkia. Kisha askofu wake anaruka b5 kwa cheki, na malkia wa Nyeupe, aliyekuwa amezibwa na askofu huyo, anamla wako. Dawa: weka askofu d7 kwanza, ndipo tishio liwe la kweli.

La Caro-Kann ni baya zaidi kwa sababu ni la haraka. 1.e4 c6 2.d4 d5, farasi c3, dxe4, farasi anakula e4, wewe farasi d7, na Nyeupe inaweka malkia e2. Hatua hiyo ni ya ajabu, inamzibia askofu wake mwenyewe. Ukiipuuza na kuleta farasi wa g f6, farasi wa e4 anaingia d6 na ni chekimeti hapo hapo. Askari wa e7 hawezi kumla, malkia wa e2 amembana na mfalme yuko nyuma yake. Hatua sita. Kwenye mechi za dakika tano za jioni shimo hili linaua watu kila wiki.

Aliyejaribu zote mbili

Mikhail Botvinnik alitetea ubingwa wa dunia dhidi ya Mikhail Tal mwaka 1960. Mchezo wa kwanza Tal alianza e4, Botvinnik akajibu kwa Kifaransa, na Tal akamshinda. Baadaye katika mechi ileile Botvinnik alihamia Caro-Kann. Ubingwa aliupoteza hata hivyo. Mwaka uliofuata, katika marudiano, aliingia tena na Caro-Kann na akaurudisha ubingwa kwa pointi 13 dhidi ya 8.

Simsimulii huyu ili kusema Caro-Kann ilishinda mechi. Botvinnik alijiandaa kwa mengi. Namsimulia kwa sababu alikuwa anakijua Kifaransa kuliko karibu kila mtu wa zama zake, na bado, alipokutana na mtu anayependa moto, alichagua kumnyima kuni. Upande wa pili wapo waliokaa na Kifaransa maisha yao yote, Wolfgang Uhlmann wa Ujerumani Mashariki mmojawao, na Viktor Korchnoi alikibeba hadi kileleni. Wote walikuwa watu wa kushambulia wakiwa wamebanwa. Hiyo ni tabia ya mtu, na hununui tabia kwa kubadilisha hatua ya kwanza.

Saa za kusoma

Wengi wetu tuna kazi, na binti aliyeniuliza ana mitihani. Kifaransa kinadai zaidi. Nyeupe ikisukuma e5 unahitaji maarifa ya aina moja. Ikiweka farasi c3, ya aina nyingine kabisa, tena uamue kama utambana kwa askofu b4 au la. Ikiweka farasi d2, nyingine tena. Na ikibadilishana, ile niliyoisimulia. Caro-Kann nayo ina mikondo, na ule wa 4.c4 baada ya kubadilishana unahitaji heshima, lakini umbo la askari wako hurudiarudia: c6, e6, askofu nje, mfalme salama. Ukisahau hatua, unaweza kukumbuka umbo.

Na kama unataka sare?

Zipo siku sare ni kazi nzuri. Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya mwendo mrefu wakigombea ubingwa wa dunia, London mwaka 2018, na hakuna aliyesema hawajui kucheza. Timu yako ikiwa mbele na unahitaji nusu pointi tu, na mpinzani ni wa kubadilishana, Kifaransa kitakufikisha. Safu moja wazi, ngome nne, wote wanatoka. Kumbuka tu utaratibu wa kutoa sare: unacheza hatua yako, unasema, kisha unabonyeza saa, na mnaandika alama ya usawa kwenye karatasi. Wapo wanaosema wakati mwenzao anafikiri. Hiyo ni kumsumbua mtu.

Jibu langu kwa binti, basi. Anza na Caro-Kann. Sisemi hivyo kwa sababu ni salama. Ni kwa sababu wapinzani utakaokutana nao kati ya hapa na Nakuru wanapenda kula d5, na Caro-Kann ndiyo inayokuachia pa kwenda wanapofanya hivyo. Ukigundua baada ya muda kwamba wengi wanakusukumia e5, na kwamba unafurahia kuibomoa d4 kutoka chini, hamia Kifaransa, wala usiogope askofu kufungwa.

Jumamosi iliyopita alinikalisha ubaoni, yeye nyeusi, akacheza c6. Nilikula d5 makusudi kama yule mzee. Alilipiza kwa askari wa c, akaweka ngome c8, na kufikia hatua ya 20 askari wake wa b alikuwa amefika b4 na mimi nilikuwa natafuta namna ya kuilinda c3. Tulisimamishwa na giza kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Mchezo umeandikwa, na tutaumalizia Jumamosi hii.